Barua Ipo, Iko au Imo?

Kwa miaka mingi mashirika kadhaa ya Goma yalichapisha kwenye karatasi zao anwani ya nchi nyingine: B.P. (sanduku la posta) fulani, Gisenyi, Rwanda. Ya Bukavu yaliandika Cyangugu. Posta ya Kongo ilikuwa imelala, basi shirika lilikodi sanduku ng'ambo ya mpaka, na kila baada ya siku chache mtu alivuka na ufunguo mfukoni, akafungua, akarudi na bahasha. Ofisi ilikuwa huku, sanduku kule, na hakuna aliyetafuta istilahi ya kulieleza jambo hilo.

Leo jambo ni lile lile, ila sanduku limehamia ndani ya kompyuta. Kampuni ina seva ya barua pepe, yaani kompyuta isiyozimwa ambayo kazi yake ni kupokea, kutunza na kutuma barua za wafanyakazi. Mfanyakazi akiwa ofisini Butembo, Kivu Kaskazini, anazisoma bila taabu. Akipanda gari kwenda Beni, kilomita 54 hivi kwa barabara ya taifa namba 2, au akiteremka Kasindi, mpakani na Uganda, kungoja mzigo kutoka Mombasa, anataka kuzisoma kwenye simu. Kumwandalia njia hiyo, programu zilizotafsiriwa hukuita "kusanidi ufikiaji wa mbali".

Neno la kwanza halina ugomvi. Kusanidi lilikuwa na maana ya kutunga au kubuni, likapewa kazi mpya ya kupanga mipangilio ya programu, na kazi hiyo imelikaa. Tatizo liko katika yale yanayofuata.

Kufika ni kumaliza safari. Aliyefikia mji ameingia mjini na vumbi miguuni. Anayesoma barua ya ofisi akiwa Beni hajafika popote. Amebaki kwenye kiti chake, na barua ndiyo iliyomfuata. Ukisema "ufikiaji" umemsafirisha mtu asiyesafiri. Halafu "wa mbali" limefungwa kwenye ufikiaji wenyewe, kana kwamba upo ufikiaji wa karibu na mwingine wa mbali, kama ndugu wa damu na ndugu wa mbali. Kumbe kilicho mbali ni mtu na sanduku lake.

Yapo maneno mengine ya kujaribu. Tunasema elimu ya masafa, kwa nini tusiseme ufikiaji wa masafa? Kwa sababu kwa msikilizaji wa redio masafa ni namba za FM, na fundi wa mawasiliano hutumia neno hilo hilo siku nzima kwa maana hiyo. "Kwa mbali" nalo ni jepesi kutamka, lakini nikisema nimekusikia kwa mbali nimekuambia kwamba sauti yako ilikuwa hafifu. Mteja ataelewa kwamba intaneti yake ni mbovu. Na ukiunda "kusomea mbali", sikio la Mswahili litasikia potelea mbali, na barua haijatenda kosa la kulaaniwa.

Limebaki "kutoka mbali". Hili linasema ukweli wote: mkono unaofungua unaanzia huko aliko mtu, sanduku halijasogea. Kufungua sanduku kutoka mbali. Wala tusihangaike kutafuta nomino yenye kiambishi u- mbele na -ji nyuma. Kitenzi chetu chenye ku- ni nomino tayari: kusoma ni kuzuri, kufungua huku kunaruhusiwa, kufungua kule kumezuiwa. Orodha ya mipangilio ikiandika "Ruhusu kufungua kutoka mbali", hata karani aliyeanza kazi jana ataelewa anachoruhusu.

Tuwasikilize sasa wenye kazi. Butembo ni mji wa Wanande: Kinande kinatawala nyumbani na sokoni, Kifaransa kinatawala ofisini, na Kiswahili kinafanya kazi pale watu wa asili mbalimbali wanapokutana. Fundi wa huko hasemi ufikiaji. Anasema mtu anaingia "mu boîte", yaani ndani ya sanduku, au barua iko "ku serveur". Maneno ya vitu ameyaazima kwa Kifaransa, lakini angalia vile vidogo viwili, mu na ku. Hivyo hakuviazima. Ni vya Kibantu, na Kinande chenyewe kina omo na oko. Mswahili wa pwani hukitia kipande hicho kwenye kitenzi: barua ipo, iko, imo. Mkongo mara nyingi hubaki na "iko" kwa yote, kisha huachia mu, ku na pa kazi ya kutofautisha. Pa ni mahali panapojulikana, ku ni upande au mahali pasipo na mipaka dhahiri, mu ni ndani.

Tofauti hizo tatu ndizo zinazotakiwa hapa, maana swali la kwanza la kazi hii si nenosiri wala waya. Swali ni kwamba barua, baada ya kusomwa, inakaa wapi.

Kuna njia mbili kuu za kufungua sanduku, nazo hujulikana kwa herufi zake tu. POP, ambayo toleo lake la 3 lilitangazwa mwaka 1988, hufanya kama yule mjumbe wa Gisenyi: hufungua, huchukua bahasha, hurudi nazo. Kwa kawaida yake barua haimo tena sandukuni. Iko kwenye simu au kompyuta iliyoichukua. IMAP, aliyoibuni Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huiacha barua humo humo. Simu huonyesha tu kilichomo, na ukifuta kwenye simu umefuta sandukuni. Ya kwanza ningeiita njia ya kutoa, ya pili njia ya humo. Mfanyabiashara ambaye simu yake imeibwa njiani atauona uzito wa neno hilo dogo: aliyetumia njia ya humo amepoteza simu, aliyetumia njia ya kutoa amepoteza simu pamoja na ankara zote za bidhaa alizoagiza Guangzhou, China.

Istilahi nyingine inayopotosha ni ile ya mahali pa kupitia. Seva moja hufanya kazi nyingi, na kila kazi ina namba yake ya kupitia. Wako waliojaribu kuiita bandari, kwa kulitafsiri neno "port" jinsi lilivyo. Mjini Butembo neno hilo lina mwenyewe: bandari ni Mombasa, ambako makontena hushushwa kabla ya kuvuka Uganda hadi Kasindi. Mlango unafaa zaidi, kwa kuwa mlango hufungwa, hufunguliwa na hubishwa hodi. Mlango wa 993 ni wa njia ya humo ikiwa imefungwa kwa usimbaji, ule unaogeuza maandishi yasisomeke njiani. Mlango wa 995 ni wa njia ya kutoa, nao umefungwa vivyo hivyo. Mlango wa 587 ni wa mfanyakazi kukabidhi barua anazotuma. Mlango wa 25 ni wa seva kwa seva, na kampuni nyingi za mtandao huuzuia kwa wateja wa kawaida ili kupunguza barua taka. Ndiyo maana mtu aliyeandika 25 kwenye simu yake hupokea barua vizuri, lakini kutuma kukamshinda.

Milango haitoshi kama nyumba haina anwani. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja ya intaneti. Kutoka ndani utaenda kokote, ila aliye nje hawezi kubisha hodi kwako, kwa sababu haoni nyumba yako. Anaona uzio wa kijiji kizima. Kampuni inayotaka kuweka seva yake Butembo lazima iombe anwani yake yenyewe isiyobadilika, na hayo ni malipo mengine juu ya yale ya kila mwezi.

Wapo pia wanaotumia sahani kubwa ya setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na Butembo imekaa karibu na ikweta kabisa, lakini ujirani huo hauipunguzi safari. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na mzunguko mmoja hupita nusu sekunde. Njia ya humo huuliza na kujibiwa mara nyingi kabla ya kuonyesha barua moja. Ndiyo sababu sanduku hufunguka kwa kusuasua hata pale megabaiti zimelipiwa. Hapo fundi mzuri huipanga simu ilete vichwa vya barua kwanza, na viambatisho viteremshwe pale mtu anapoviomba.

Umeme nao una la kusema. Jenereta ikizimwa usiku, seva ya ofisini imelala. Barua hazipotei: seva ya mtumaji hurudi kubisha tena na tena, na kanuni za mtandao zinaishauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Asiyepata kitu usiku huo ni mfanyakazi aliye nje, kwa kuwa sanduku lake limefungwa pamoja na ofisi.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba ofisi ndiyo karibu na mfanyakazi ndiye mbali. Matukio ya Kivu Kaskazini yamelipindua neno "mbali" zaidi ya mara moja. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kongo ilikata intaneti nchini kote kwa takriban siku 20. Beni na Butembo zilikatiwa pia, ingawa uchaguzi wao ulikuwa umeahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu iliyotajwa ya Ebola na usalama. Katika hali kama ile, ofisi yenye seva yake chumbani huendelea kupelekeana barua kutoka meza hadi meza, ila hakuna aliye nje anayeweza kuzifungua. Ofisi yenye sanduku Ulaya au Marekani haiwezi kumwandikia hata jirani wa meza ya pili. Watu wa ofisi hiyo walikuwa wakisoma kutoka mbali siku zote bila kujua.

Kisha mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na utawala wa jimbo ukahamishiwa Beni. Ofisi yoyote ambayo watu wake wamehama hivyo huku kompyuta ya barua ikiachwa nyuma hulazimika kuuliza upya kila swali la makala hii: sanduku lipo wapi, nani yuko karibu nalo sasa, na ufunguo uko mkononi mwa nani. "Ufikiaji wa mbali" haulijibu hata moja.

Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na istilahi zitakazoandikwa Dar es Salaam au Nairobi zitasomwa Butembo. Wanaoziunda waanzie kwenye po, ko na mo kabla ya kukimbilia u- na -ji. Wewe fundi, unapomkabidhi mfanyakazi simu yake, mpe na kikaratasi chenye mistari minne: Sanduku lipo Beni. Barua hubaki humo. Mlango ni 993 kupokea, 587 kutuma. Nenosiri usimpe mtu, hata bosi.