Saratani ya Kibofu na Njia ya Manamba

Chini ya utawala wa Waingereza, Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, ilikuwa ghala la vibarua. SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge kilichoanzishwa mwaka 1944, kiliandikisha wanaume wa nyanda za juu za Kibondo na Kasulu na kuwasafirisha kwa malori na garimoshi hadi Tanga. Historia ya vibarua hao, manamba, imeandikwa kwa upande wa mishahara, kodi na mikataba. Historia ya maji waliyooga na kuvuka huko haijaandikwa ipasavyo, nami naona imo ndani ya historia ya saratani ya kibofu cha mkojo katika nchi yetu.

Kichocho, ugonjwa wa mnyoo unaoingia mwilini kwa njia ya maji, ni cha aina mbili kuu. Cha tumbo ndicho kinachojulikana mwambao wa Ziwa Tanganyika, nacho hakigusi kibofu. Cha mkojo hukaa kwenye konokono wa aina nyingine, na makao yake ya siku zote ni pwani, Unguja na Pemba, na Kanda ya Ziwa upande wa Mwanza na Shinyanga. Kibarua aliyetoka milimani kwenda Tanga alikuwa anaingia katika maji mageni.

Mnyoo wa kichocho cha mkojo ulionekana Cairo mwaka 1851, na Mjerumani Theodor Bilharz. Mwaka 1911, katika mji huohuo, A. R. Ferguson aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Wakati huo Ulaya ilishika njia nyingine: mwaka 1895 Ludwig Rehn wa Frankfurt alikuwa ameonyesha kwamba wafanyakazi wa viwanda vya rangi wanapata uvimbe wa kibofu. Njia hizo mbili zilikwenda sambamba kwa miongo mingi, na fedha za utafiti zilifuata zaidi ile ya viwanda, kisha ya sigara.

Afrika Mashariki haikukaa ikingoja. Miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilikuwa na kituo cha kujaribu dawa za kichocho palepale Tanga. Watafiti Forsyth na Macdonald walikwenda shule ya Usagara na shule ya Donge, Unguja, wakawapiga eksirei watoto wa shule. Walichokiona kinatisha hata leo: mayai ya mnyoo yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu yalikuwa yamegeuka chokaa, na figo za baadhi yao zilikuwa zimevimba kwa mkojo usiopata njia. Watoto hao walikuwa bado wanacheza mpira. Saratani huja miaka mingi baadaye, baada ya ukuta huo kuwashwa na kujirekebisha mara zisizohesabika, mpaka seli zake zinabadilika umbo na kuwa bapa kama za ngozi. Mwaka 1994 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliuweka mnyoo huo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ushahidi mzito wa kwetu ulitoka hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwaka 2013 Rambau, Chalya na Jackson walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu. Zaidi ya nusu, asilimia 55.1, walikuwa na saratani ya seli bapa, na wagonjwa 83 walikutwa na mayai ya kichocho ndani ya kinyama kilichopimwa. Wanawake walikuwa 95 na wanaume 90, jambo ambalo Ulaya lingeshangaza, maana kule huu ni ugonjwa wa wanaume hasa. Saratani zilizoambatana na kichocho ziliwapata zaidi walio chini ya miaka 50, na nyingi zilikuwa zimeshaingia kwenye msuli wa kibofu zilipogunduliwa.

Hapo ndipo maendeleo ya dunia yanapotupita pembeni. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kanada alionyesha kwamba chanjo ya kifua kikuu, BCG, ikimiminwa ndani ya kibofu huzuia uvimbe kurudi. Ni ugunduzi mkubwa, lakini unafaa saratani ya juu juu ya aina ile ya Ulaya. Mgonjwa wa seli bapa aliyechelewa anahitaji kuondolewa kibofu chote, upasuaji ambao Wamisri wa Mansoura, chini ya Mohamed Ghoneim, waliufikisha mbali kwa sababu walikuwa na wagonjwa kama wetu.

Dawa ya mnyoo, prazikwanteli, ilipatikana miaka ya 1970. Leo shuleni mwalimu humsimamisha mtoto kwenye ubao wenye alama, akasoma urefu wake, na alama hiyo ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Ni vichungu, na huenda vizuri mtoto akiwa ameshakula. Lakini ubao huo haumfikii mtu mzima aliyetumia ujana wake kwenye majaruba ya mpunga au mashimo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa kisha akarudi Kibondo. Akikojoa damu, yai lenye mwiba mkiani linaweza kuonekana kwa hadubini ya zahanati, hasa mkojo ukichukuliwa karibu na adhuhuri. Uvimbe hauonekani hivyo. Unataka kifaa cha kuchungulia kibofu na daktari bingwa wa mkojo, na kwa wengi safari hiyo ni ya Kakonko, Nyakanazi, Geita, kisha daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, ndipo ufike Bugando. Daraja limefupisha njia. Swali la kumuuliza mgonjwa pale zahanati, kwamba amewahi kuishi na kufanya kazi wapi, lingeweza kuanza kuulizwa hata kesho.