Ati Shanga ni Shanghai?

Kila ninapoitaja Lamu barazani au darasani, hakosi mtu wa kuniuliza, "Na wale Wachina wa Siyu, je?" Swali lina haki yake. Tena jibu linalotolewa mara nyingi huanza na neno, na maneno ndiyo shughuli yetu hapa. Basi leo tulikabili.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Meli ya Wachina iligonga mwamba karibu na Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mabaharia walionusurika wakaogelea hadi ufuoni. Wenyeji wakawakubali baada ya wageni hao kumuua chatu aliyekuwa tishio kwa watu. Wakasilimu, wakaoa, wakazaa. Shanga ilipohamwa, wazao wao wakaenda Siyu, mwendo wa miguu kutoka hapo, ambako hadi leo ziko familia ziitwazo Washanga. Kisa hiki huhusishwa na safari za Zheng He, kati ya mwaka 1405 na 1433. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza, msichana mmoja wa Siyu alipewa ufadhili wa kwenda kusomea tiba ya Kichina huko. Magazeti yakamwandika kana kwamba ni mjukuu aliyerudi kwao.

Mimi sina ugomvi na simulizi hiyo. Mabaharia huzama, na wanaosalimika huoa. Hilo halina ajabu yoyote katika pwani hii. Ugomvi wangu uko kwenye kiraka kinachoshonewa juu yake, kwamba jina Shanga ni Shanghai iliyokatwa mkia.

Hebu tuanze na tarehe. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba magofu ya Shanga katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti midogo ya zamani zaidi, mmoja juu ya mwingine, na ya awali kabisa ilikuwa ya miti. Watu waliishi hapo tangu karne ya 8 hadi robo ya kwanza ya karne ya 15. Yaani Zheng He alipokuwa akisafiri, mji ulikuwa umefikisha miaka zaidi ya 600 na ulikuwa ukielekea kufa. Shanghai nayo ilipata hadhi ya wilaya mwaka 1292 tu. Atakayesema kwamba mji ulikuwa na jina lingine, ukabatizwa na waliozama, atuonyeshe hilo jina la kwanza.

Sauti nazo? Kufanana kwa sauti ni mtego ambao hata sisi walimu hututega. Kama ni kufanana tu, tunalo neno shanga, wingi wa ushanga, lililo karibu kuliko Shanghai na halidai tung'oe silabi yoyote. Kuna anayeweza kudai ni mchanga. Huyo Kiamu kitamkwamisha: ch ya kwetu bara mara nyingi huko huwa t, macho yakawa mato, chini ikawa tini, na mchanga ni mtanga. Lakini hata shanga siapi kwayo. Jina la mji likiwa limekaa karne nyingi vinywani mwa watu, neno linalofanana nalo leo ni ushahidi mdogo sana.

Kuna maneno mawili ambayo kweli yana China ndani yake, na yamo katika kila nyumba Lamu. Sinia ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu cha Sini, yaani cha China. Chai ilitoka kwa Wachina wenyewe, ikapitia Uajemi na Bara Hindi kabla haijafika kwetu. Hakuna Mchina aliyehitajika kushuka ufuoni Pate ili tupakue pilau kwenye sinia na kunywa chai baadaye. Waarabu, Waajemi na Wahindi walitufikishia maneno kama walivyotufikishia vyombo. Ndiyo maana sibabaiki ninapoonyeshwa vigae vya kauri ya Kichina kutoka Shanga, au bakuli zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya pwani. Vigae vya aina hiyo vilifika karne nyingi kabla ya Zheng He. Hata sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyemtuma Zheng He, iliyopatikana Manda mwaka 2013 na kundi la Chapurukha Kusimba, ni habari kubwa ya biashara, lakini sarafu haituambii ilitoka mfukoni mwa nani.

Mtu anaweza kunigeuzia kibao: Mreno alikaa pwani miaka kama 200, akatuachia meza, leso, bendera, gereza na karata. Mchina wa Siyu ametuachia neno gani? Mimi sijaonyeshwa hata moja. Lakini hapa lazima niwe mwadilifu, maana ukimya huo hauthibitishi kwamba hawakuwako. Mreno alikuja na ngome, kanisa na ushuru. Wanaume wachache waliovuliwa majini, wakaoa wenyeji, watoto wao wangesema lugha ya nani kama si ya mama?

Na hilo si la kubuni. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Manda na Faza, na Kusimba alikuwa miongoni mwa watafiti. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika zaidi ya nusu, hasa kwa upande wa wanawake, na sehemu kubwa ya asili ya Asia, hasa ya wanaume Waajemi, pamoja na kiasi cha Kihindi. Akina baba hao Waajemi walikuwa wengi vya kutosha kuacha alama mwilini kwa karne kadhaa. Hata hivyo lugha ya miji hiyo ilibaki Kiswahili, lugha ya Kibantu. Lugha ilikaa na akina mama.

Nilipoyasema haya darasani, mwanafunzi mmoja kutoka Lamu alinikatiza. "Kwa hivyo mwalimu, yule dada alidanganywa?" Nikamwambia la. Madai ya ukoo wake yanasimama au kuanguka yenyewe, na huenda kweli yuko babu aliyetoka majini. Akasema, "Basi kwa nini unaling'ang'ania jina?"

Nikamjibu kwamba nyumba za mawe ya matumbawe, misikiti iliyopandiana, sarafu ndogo za fedha zilizopigwa hapo hapo, vyote vilifanywa na watu wa Shanga kabla ya meli inayosimuliwa kuundwa. Ukisema jina lao ni Shanghai, umempa aliyeokolewa nyumba ya aliyemwokoa. Pia, kwa Mswahili hili limezoeleka mno. Aliyejenga mji huulizwa alitoka Shiraz au Arabuni, na sasa imeongezwa China. Pate tu ndiyo haitajwi.

Mwanafunzi yule hakuridhika sana. Alisema nyanya yake ana sahani ya zamani yenye maua ya buluu, na ataniletea picha yake.