Uzito wa Bondia na Thamani ya Ushindi

Katika mabaraza ya vijana wa Cibitoke, hapa Bujumbura, huzuka mara kwa mara ubishi huu: je, bondia aliyehama uzito wake akashinda ni bora kuliko yule aliyebaki pale pale? Jawabu la swali hili halipatikani kwa kupaza sauti, bali kwa kuitazama historia. Na Uganda imetuachia mifano miwili iliyo wazi.

Wa kwanza ni Ayub Kalule. Mapema mwaka 1974 alitwaa nishani ya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, katika uzito wa kilo 60. Mwaka huo huo, mjini Havana, akawa bingwa wa dunia wa ridhaa katika kilo 63.5. Alipoingia ndondi za kulipwa alizidi kupanda, na mwezi Oktoba 1979 alimshinda Masashi Kudo huko Japani, akatwaa ubingwa wa WBA wa mabondia wasiozidi kilo 69.85. Juni 1981 alishindwa katika raundi ya tisa na Sugar Ray Leonard, bingwa wa uzito wa chini aliyepanda kumfuata. Kalule alikuwa mwenyeji wa uzito ule, wala hakuwa amepata kushindwa katika ndondi za kulipwa. Ndipo ushindi wa mgeni ukawa na thamani kubwa.

Wa pili ni John Mugabi, mshindi wa nishani ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Machi 1986, akiwa ameshinda mapambano yake yote 25, kila moja kabla ya raundi kwisha, alimkabili Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati. Alistahimili hadi raundi ya kumi na moja, kisha akaanguka. Julai 1989, katika kilo 69.85, alitawazwa bingwa wa WBC huko Ufaransa, baada ya René Jacquot kuteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Machi 1990 Terry Norris alimnyang'anya taji hilo katika raundi ya kwanza vile vile.

Sasa tupime. Siku aliyoshindwa na Hagler, Mugabi alionyesha ushujaa mwingi kuliko siku aliyovikwa taji. Kitabu cha kumbukumbu huandika nani alishinda. Hakiandiki daima alishinda vipi.

Walimu wenzangu, lugha yetu yenyewe hutusaidia kupambanua. Ushindi ni tendo la siku moja, na bahati yaweza kuuleta. Ubingwa ni umahiri, kwani bingwa ni mjuzi wa kazi yake kabla ya kuwa mwenye taji. Basi tuwazoeze wanafunzi kuuliza mambo matatu kabla ya kusifu: walipigana katika uzito gani, nani alikuwa mgeni wa uzito huo, na pambano lilikwishaje. Mizani iliwekwa ulingoni ili haki itendeke. Haifai sisi tunaohukumu tuiache mlangoni.