Mrija Usiochagua

Wauguzi wapya wakija wodi ya mahututi, macho yao yote huwa kwenye mashine ya kupumulia. Mimi huwapeleka kwanza Copenhagen, mwaka 1952, enzi ambayo mashine ilikuwa mkono wa mwanafunzi.

Polio ilikuwa imeikumba Denmark. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu na vifaa sita vya kufungwa kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walikufa ndani ya siku tatu. Hawakuweza kumeza wala kukohoa, basi wakazama katika mate na makohozi yao wenyewe. Tarehe 27 Agosti daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alimshughulikia binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Koo likatobolewa, mrija wenye puto ukaingizwa, makohozi yakanyonywa. Hali ikazidi kuharibika, mtoto akitapatapa, kifua kimebana. Baadhi ya watazamaji wakajiondokea zao. Ibsen akamchoma dawa ya usingizi, mwili ukalegea, naye akaanza kuminya mfuko wa hewa kwa mkono. Mtoto akanusurika. Baadaye wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu za kuminya mifuko hiyo usiku na mchana.

Sifa zote huenda kwa mfuko. Sikatai, ila mfuko haufui dafu njia ikiziba.

Njia husafishwa kwa kunyonya, na tatizo ni kwamba mrija wa kunyonya hauchagui: hutoa makohozi na hewa pamoja. Mwaka 1951 madaktari Shumacker na Hampton walikwisha kuandika juu ya wagonjwa wa moyo waliokufa ghafla mara baada ya upasuaji, wakaunyooshea kidole unyonyaji huo. Tangu hapo kazi imekuwa ya kupunguza madhara hayo. Mrija wa kunyonya usizidi nusu ya upana wa ule wa kupumulia uliomo kooni. Oksijeni itangulie. Kunyonya sekunde 15, basi. Maji ya chumvi, ambayo sisi wa zamani tuliyamimina mrijani bila kufikiri, hayatumiki tena kwa mazoea. Miaka ya 1980 ukaenea mrija uliovikwa plastiki, usiolazimu mgonjwa atenganishwe na mashine. Na mwongozo wa Marekani wa 2010 ukaipiga chini ratiba ya kunyonya: nyonya makohozi yakiwapo.

Kwa hiyo ukipokea zamu, usiulize mgonjwa alinyonywa saa ngapi. Msikilize koo kwa stetoskopu, kisha tazama mchoro wa hewa kwenye kioo. Mchoro huo ukiwa na meno kama ya msumeno, vaa glavu.