Pita Mpaka Uani

Msomaji, ukitaka kuijua nyumba ya Mswahili usiishie kukodolea macho mlango wa nakshi. Mlango ni wa wageni. Piga hodi, ukikaribishwa pita mpaka uani.

Kule Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba lililopangwa kuzunguka nyua zilizo wazi juu. Ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Mfalme mzima, na bado alitaka ua!

Lamu jambo hili linaonekana vizuri zaidi. Nyumba za mawe za karne ya 18 zimebanana ukuta kwa ukuta, na upande wa njiani madirisha ni haba. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sasa mwanga na hewa vitoke wapi? Vinatoka kiwandani. Naam, kiwanda! Sisi tukilisikia neno hilo tunafikiria moshi na king'ora, kumbe kwa Walamu ni ua wa ndani. Unaingia dakani, unakata kona, ndipo unaufikia. Kona hiyo imewekwa makusudi: jua liingie, macho ya wapita njia yasiingie.

Dar es Salaam ua ulihamia nyuma. Nyumba yetu ya vyumba sita unaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, halafu uani, penye jiko na choo. Barazani wanaume wanacheza bao. Uani nazi inakunwa, nywele zinasukwa, mwali anafundwa, ugomvi wa ndoa unasuluhishwa. Hata anayekwenda chooni huaga kwa adabu, "Naenda uani mara moja."

Sasa niungame. Baba mkubwa alipotoa wazo la kujenga vyumba vya kupangisha uani kwetu, mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia. Niliona mshiko tu. Vikajengwa viwili. Kodi inaingia, siwezi kubisha, na ada ya mdogo wangu imelipwa humo humo. Lakini Bibi siku hizi anapikia ukumbini, moshi unamtoa machozi, na wale shoga zake wa jioni hawaji tena. Wakae wapi? Pamebaki pa kuweka ndoo mbili na kamba ya nguo.

Nami ninayejidai kuandika riwaya nimegundua kwamba kila mhusika wangu anasema kwa sauti ya mwanamke fulani wa uani pale. Nilikuwa nawasikiliza huku najifanya nasoma.

Wewe unayetaka kuandika, kama kwenu ua bado upo, jioni ya leo chukua kigoda ukakae. Matofali yakishashushwa, utakuwa umechelewa kama mimi.