Ufuatiliaji wa Zebaki katika Maji ya Bonde la Manonga

Wilayani Nzega, kaskazini mwa Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya kwenda Ujiji, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu. Mvua huweza kusomba marudio yenye zebaki kutoka mialoni hadi mto Manonga, ambao maji yake huelekea mbuga za Wembere na Ziwa Kitangiri, wala hayafiki baharini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, unaotaka matumizi hayo yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe.

Kupima maji peke yake hakutoshi. Zebaki nyingi hutua kwenye tope, ambako bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hii hujilimbikiza katika samaki, hasa wanaokula samaki wenzao. Hivyo maji yanaweza kuwa chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 0.006 kwa lita, ilhali kitoweo chake kikawa hatari kwa mimba. Sampuli za tope, samaki na maji huhitajika kutoka mahali pale pale, kabla na baada ya msimu wa mvua. Za maji huwekwa katika chupa za kioo, kwa kuwa mvuke wa zebaki hupenya plastiki ya kawaida.