Ibyinyo: fizi za mtoto si za kukatwa

Mzazi wa Cyanzarwe, wilayani Rubavu, akiona fizi za mtoto mwenye homa au kuhara zimevimba, huenda akashauriwa amtoe ibyinyo, yaani yale yaitwayo Tanzania meno ya plastiki. Uvimbe huo si ugonjwa: ni chonge za utotoni zinazosubiri kuota. Kuzichokoa kwaweza kuleta pepopunda, kutokwa na damu nyingi, hata kifo, na kuharibu chonge za kudumu. Homa na kuhara hutibiwa katika kituo cha afya. Nyumbani, familia ifute fizi kwa kitambaa safi. Jino la kwanza likiota, takriban miezi 6, lipigwe mswaki mara 2 kila siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele.